Kiti Changu cha Kijani Kimehamia Gereji

Mtaa wa Sycamore,
Burbank, California.
Jumanne, 14 Aprili.

Mpendwa mdogo wangu Maxine,

Kabla ya yote nakuomba radhi. Barua yako ya Krismasi ilifika salama, nikaiweka juu ya friji ili niijibu wiki ile ile, na sasa ni Aprili. Mtu aliyefundisha watoto wa watu kuandika barua maisha yake yote hana kisingizio, nami sitakitafuta.

U hali gani? Goti lako limeivumilia baridi ya Anchorage mwaka huu, au bado unapanda ngazi kwa kushika ukuta? Na Clyde, ameacha kupanda juu ya paa kuondoa theluji mwenyewe? Mwambie shemeji yake anasema ana miaka ya kutosha sasa kumwita kijana wa jirani.

Mimi ni mzima, ila presha imepanda. Daktari aliniuliza kama kuna jambo linalonisumbua, nikamjibu hakuna. Wewe nitakuambia kweli.

Unamkumbuka Lorna Petrakis, yule mjane wa nyumba ya pili mwenye mlimau. Tangu Oktoba anakalia kiti changu.

Si maneno ya mafumbo. Ni kile kiti cha kijani cha sebuleni, nilichokalia wakati namnyonyesha Joan. Mume wangu Verne alikibeba akakipeleka gereji, akakiweka kando ya chake, akafunga taa mbili na kamera. Hapo ndipo yeye na Lorna wanapotazama vionjo vya filamu zinazokuja, wakijirekodi wanavyoshangaa, kisha wanaweka video mtandaoni. Usinicheke. Watu wanaowatazama ni wengi kuliko wakazi wa mji tulikozaliwa.

Unajua jinsi Verne alivyoipenda filamu ya kwanza ya Kimondo, yule shujaa anayepaa. Alilia, mtu mzima, na mimi ndiye niliyemshonea joho la bluu kama la Kimondo alilovaa kwenda kutazama zilizofuata. Sasa zimefika kumi na moja, na Verne anasema amechoka. Wote wamechoka, Maxine. Ndiyo habari ya mji huu. Foleni ya benki, saluni, hata kanisani baada ya ibada, watu wanalalamika kuwa mashujaa wanaopaa wamezidi, na anayelalamika kuliko wenzake ndiye aliyekwisha kununua tiketi ya inayofuata.

Ilianzia kwa Lorna. Siku moja walikuwa wanatazama kionjo, maghorofa yanaanguka, naye akapiga mwayo mbele ya kamera.

"Verne, huu mji unabomolewa tena? Hivi hawa watu hawana bima?"

"Bima wanayo, bibie, ila kampuni ya bima ndiyo iliyoangukiwa na ghorofa!"

Wakacheka mpaka Lorna akamshika mkono. Nilikuwa jikoni, nikasikia kicheko kupitia ukutani. Tangu siku hiyo watazamaji hawataki tena kuwaona wakishangaa. Wanataka kuwaona wakichoka. Mume wangu anafanya mazoezi ya kupiga miayo kwenye kioo cha bafuni.

Huwa nasoma maoni wanayoandikiwa. Mmoja aliandika: "Mnapendeza wazee wetu. Mna miaka mingapi ya ndoa?" Nilingoja siku nzima Verne amsahihishe. Verne alimwekea alama ya moyo.

Nilipomuuliza, alisema, "Mwalimu, watu wa mtandaoni hao, wana neno? Nikianza kuwajibu mmoja mmoja nitamaliza lini?" Naye Lorna, nilipokutana naye kwenye ua, aliniambia, "Shoga yangu, usininunie bwana. Huyo mzee wako nakurudishia kila jioni akiwa mzima." Ananirudishia! Kama bakuli alilokuja kuazima.

Sasa nisikilize. Wiki iliyopita studio iliyotengeneza filamu hiyo ya kumi na moja iliwaalika mashabiki kuiona kabla haijatoka. Simu zilifungiwa vifukoni mlangoni, na kila mtu alitia saini kwamba hatasimulia lolote kabla ya Ijumaa hii. Verne alipata nafasi tatu. Nilikwenda. Tulikaa Verne katikati, na bisi zikashikwa na Lorna.

Unajua desturi yetu. Filamu hizi zikiisha, husimami. Unakaa majina ya watengenezaji yakipita, kwa sababu mwishoni kabisa hufichwa kipande kidogo. Verne ndiye aliyenifundisha. Nilipokuwa na mimba ya Joan alinishika mkono nisiende msalani. Hata sasa kila video anaifungua kwa kupaza sauti, "Kaeni mpaka taa ziwake!"

Basi majina yalipoanza, Lorna akapiga mwayo, wa kweli safari hii. "Twende zetu, Verne. Tutakaa tutazame nini? Watatuletea adui mwingine tu, ana pembe."

Na Verne akasimama. Akavaa kofia yake, akaniambia wananisubiri kwenye gari.

Mimi nilibaki. Sibadilishi kanuni kwa sababu mtu amepiga mwayo, na sikutaka kutembea nyuma yao kama mbeba mikoba. Tulibaki wachache, tumetawanyika.

Barua hii itakufikia baada ya Ijumaa, kwa hiyo naweza kukuambia bila kuvunja ahadi. Hakukuwa na adui mwenye pembe. Kimondo, mzee sasa, anaingia nyumbani kwake, anakunja joho lake la bluu, analiweka juu ya kabati. Mkewe yuko kwenye kiti, anafuma. Kimondo anavuta kiti chake kando yake, anakaa. Mkewe anamuuliza, "Umemaliza?" Anajibu, "Nimemaliza." Taa inazimwa. Basi. Hakuna ya kumi na mbili. Watu wote hawa wanaopiga kelele kuwa wanataka iishe, imeisha, na mume wangu alikuwa nje anatafuta funguo za gari.

Nililia, Maxine. Nilipofika kwenye gari, Lorna alikuwa amekaa mbele. Verne aliuliza kama kulikuwa na kitu. Nikamjibu kuwa majina yalikuwa mengi.

Jumapili alikutana na shabiki mwenzake dukani, akaambiwa tu kwamba walioondoka mapema watajutia. Alirudi nyumbani amepauka. Kumuuliza yule bwana zaidi hakuweza, maana angejulikana kuwa yeye, mzee wa kaeni-mpaka-taa-ziwake, alisimama. Akaja jikoni.

"Mwalimu, wewe ulikaa?"

"Nilikaa."

"Kulikuwa na nini?"

"Kiti changu kiko wapi, Verne?"

"Jamani, si nakuuliza la maana!"

"Nami nakujibu la maana."

Nilimwambia wazi. Ijumaa usiku watu wote watamuuliza alijisikiaje alipoona kipande cha mwisho. Atakayekalia kiti cha kijani ndiye atakayemsimulia kipande hicho. Akitaka, kirudi sebuleni, naye avute chake kando, nimsimulie huko, bila kamera. Akitaka kibaki gereji, nitakikalia huko huko, na Lorna ajitafutie stuli. Kama ni Lorna, basi Lorna amsimulie.

Tangu juzi hiyo Verne hajapiga mwayo hata mmoja. Asubuhi Lorna ameleta keki ya malimau, ameiweka mlangoni bila kubisha hodi. Ni nzuri. Sitasema nimekula kiasi gani.

Nisalimie Clyde, na Ruthanne na mapacha wake, na shangazi Ottilie ukienda kumtazama. Mwambie shali yake naivaa kila Jumapili. Joan anakusalimu kutoka Fresno. Mungu awalinde na barafu, akupe goti jipya au ngazi fupi, lolote lililo rahisi kwake.

Ninapoandika hapa nasikia kitu kikiburutwa gereji. Ni kiti, nakijua kwa mlio wa miguu yake. Lakini vipo viwili, na sijajua ni kipi, wala kinaelekea wapi. Sitainuka kwenda kuchungulia. Verne akishaamua, nitakuandikia siku hiyo hiyo, na safari hii barua haitakaa juu ya friji.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ninaponyamaza,
Harriet