Mstari wa Arobaini

Mwenzangu uko wapi? Leo nimeumbuka, tena mbele ya ofisi nzima.

Unamkumbuka yule dada anayekagua programu zetu kabla hazijaenda kwa wateja? Asubuhi bosi kampa barua ya onyo, eti kapitisha programu mbovu. Dada wa watu anasema, "Seva iliijaribu yenyewe ikaonyesha kijani, yaani imefaulu. Ningejuaje?" Nani amsikilize!

Mimi nikajitia mtetezi. Nikasema tuifungue skripti ya seva, yale maagizo yanayoiendesha, kwenye skrini kubwa, wote tuone.

Mstari wa arobaini. Mwenzangu, mstari wa arobaini! Umeandikwa: jaribio likifeli, puuza, washa kijani. Na pembeni kuna maelezo: "Seva imenuna kama bibi harusi mwenye njaa. Nitaibembeleza Jumatatu."

Ofisi nzima ikanigeukia. Nani mwingine anaandika upuuzi wa namna hiyo? Ilikuwa Ijumaa, miezi mitatu iliyopita, nawahi harusi ya mpwa wangu. Skripti inagoma, nikaiziba mdomo nikaondoka zangu. Nikasahau kabisa.

Dada akaniuliza, taratibu tu, "Kaka, Jumatatu ipi?"

Jumatatu ipi! Mimi huyu mpenda utani, nikainuka nikamfuata bosi.

Nimemwambia bosi ni mimi. Akasema, "Yaandike hayo, ndipo barua yake ya onyo niichane."

Nimeandika mistari mitatu, nakutumia sasa hivi. Isome kabla sijampelekea bosi. Ukikuta utani wowote umeniponyoka, ufute.