Kitasa cha Simba na Ufunguo wa Shangazi

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimeaibika mpaka nyayo. Nimetoka bafuni na taulo, uso mzima nimeupaka ndizi mbivu iliyopondwa — nilisikia inalainisha ngozi — naimba kwa sauti ya juu, nazunguka sebuleni kama niko jukwaani. Kugeuka — Shangazi huyo! Kakaa kwenye kochi, mkoba mapajani, anapiga makofi. "Endelea, bibi harusi. Sauti unayo."

Si shangazi yangu, ni wa mume wangu. Ndiye aliyemlea. Ufunguo wa nyumba hii anao tangu mume wangu alipokuwa kapera. Alikuwa akija kuhakikisha amekula. Sasa mke yupo, chakula kipo, na bado anakuja kuhakikisha. Hagongi. Hapigi simu. Unasikia tu kitasa, kwacha-kwacha, na mtu yuko ndani.

Jioni nimemweleza mume wangu, Bwana Tutaona. Jina nimempa mimi, maana kwake kila jambo ni tutaona. Nimemwambia lazima azungumze na shangazi yake.

Akasema tutaona.

Tutaona nini? Ameshaona Shangazi! Ameona vyote!

Jumanne, 5 Machi

Nimepata dawa. Tunabadilisha kitasa cha mlango wa mbele! Hakuna wa kuambiwa usije, hakuna wa kununa. Kitasa kimechakaa, kimebadilishwa, ufunguo wa zamani umekufa kifo chake. Mume wangu akasema mbona kitasa ni kizima. Nikamwambia nenda kakishike. Kakishika — kishikio kikabaki mkononi. (Bisibisi niliirudisha kwenye droo kabla hajaamka.)

Tumekwenda duka la vifaa vya ujenzi. Mimi nilidhani kitasa ni kitasa! Muuzaji kauliza: mlango wa mbao au wa chuma? Unene wake? Unafungukia ndani au nje? Kushoto au kulia? Mume wangu akafumba macho, akanyoosha mkono, akafungua mlango wa hewani. Akaingia. Akatoka. Akageuka, akaingia tena kwa mkono mwingine. Mteja aliyekuwa nyuma yake akampisha.

"Kulia," akasema. "Au kushoto, ukiwa ndani."

Kuchagua nako vita. Mimi nataka cha rangi ya fedha, kishikio kimenyooka, hakina maneno. Yeye kakumbatia cha rangi ya dhahabu chenye kichwa cha simba. Nikamwambia hapa si ikulu. Akasema mlango ndio uso wa nyumba. Basi, nikamwambia, uso wetu una ndevu! Muuzaji kacheka mpaka kaegemea mifuko ya saruji.

Simba kashinda. Mimi nimepozwa na kingine cha mlango wa chumbani, cha fedha, kimenyooka. Tahadhari tu. Shangazi hana mipaka.

Jumatano, 6 Machi

Mume wangu hataki kusikia habari za fundi. Skrubu nne tu, anasema. Nne! Kaanza asubuhi, na kufika mchana mlango wetu una tundu ambalo paka anapita bila kuinama. Kitasa kinacheza humo kama jino bovu. Kajaza vipande vya mbao, kajaza gundi, kajaza na gazeti. Halafu simba mwenyewe kakaa kichwa chini, ndevu juu. Anafanana na popo. Kufungua sasa hukandamizi kishikio, unakiinua. Eti ndio usalama wenyewe, mwizi hatajua.

Katikati ya vumbi la mbao, kivuli mlangoni. Shangazi! Ufunguo mkononi, hana pa kuuchomeka. Nikasema sasa ndio sasa.

"Mnabadilisha kitasa?" akauliza.

Mume wangu kainama, kajifanya anatafuta skrubu.

"Afadhali! Kile cha zamani kilikuwa kinaning'ang'ania ufunguo wangu."

Akaweka mkoba chini, akashika tochi, akawa msimamizi. Inua. Shusha. Siyo hiyo, mwanangu, ile nyingine. Mwishoni akauliza funguo zimekuja ngapi. Nilimkazia mume wangu macho mpaka yakauma. Nikakohoa. Nikamkanyaga mguu.

"Tatu," akasema yule msaliti. "Huu wako, Shangazi."

Nimeingia jikoni nikaosha vyombo safi.

Alhamisi, 7 Machi

Sisemi na mtu. Wala na simba.

Ijumaa, 8 Machi

Nimerudi kutoka duka la dawa, kutwa nzima nimesimama nyuma ya kaunta, miguu si yangu. Nafungua kabati — mashuka yamekunjwa upya. Yote! Hata nguo zangu za ndani zimepangwa kwa rangi, nyeupe mbele kama gwaride. Shangazi kapita.

Mume wangu anasema nishukuru, watu wanalipia kazi hiyo. Alikuwa anafunga kile kitasa changu cha chumbani, anapiga mluzi na huku skrubu ziko mdomoni, sijui vinapishana vipi. Alipomaliza, skrubu mbili zimebaki kwenye sahani. Nikauliza ni za wapi. Za ziada, akasema, kiwandani huwa wanaongeza.

Nimeamua. Kesho namwambia Shangazi kwa mdomo wangu mwenyewe. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo: "Shangazi, tunakupenda sana, ila..." Kwenye "ila" nakwama. Nimejaribu "lakini." Nayo chungu.

Jumamosi, 9 Machi

Naandika nimekaa kitandani, mchana kweupe, Shangazi kajinyoosha pembeni yangu. Ngoja nieleze taratibu.

Nilimwita chumbani aone mapazia, ili mume wangu asituingilie na tutaona zake. Nikafunga mlango. Nikavuta pumzi. "Shangazi, tunakupenda sana..." Nyuma yangu — kling! Kishikio cha ndani chini. Na cha nje nacho — kling!

"Kuna kitu kimeanguka huku," mume wangu akasema kutoka upande wa pili.

Akasukuma. Sisi tukavuta — kwa kishikio gani? Kwa kucha! Ulimi wa kitasa umezama kwenye fremu, umegoma. Dirisha lina nondo. Mume wangu kaingiza bisibisi kwenye tundu, ikatokea huku kwetu, ikabaki na sisi. Akauliza sasa afanyeje. Mimi na Shangazi tukajibu kwa pamoja: "Mwite fundi!" Mara ya kwanza tumekubaliana jambo.

Tukabaki wawili. Nikaona hapa hakuna pa kukimbilia, si yeye si mimi. Nikamwambia yote. Taulo, ndizi, mashuka. Hata kwamba kile kitasa cha zamani kilikuwa kizima.

Kavua viatu. Kapanda kitandani, kalala chali. Nikajua nimeua mtu.

"Mbona hukusema siku ile ya ndizi?"

"Niliogopa, Shangazi."

Akatazama dari. "Nyumbani kwangu mimi, mwanangu, nikipiga hodi najikaribisha mwenyewe."

Kasema kama mzaha, na mwenyewe akacheka. Mimi nikacheka nusu. Akatoa ufunguo kwenye mkoba, akauweka juu ya shuka, katikati yetu. Hakusema chukua. Sikusema rudisha mkobani.

Hapo ndipo nikavuta daftari hili chini ya mto, nipate pa kuweka macho. Kauliza naandika nini. Nimesema vitu vya kununua sokoni.

"Mbona vingi hivyo?"

Halafu, hata sijamwomba, kaanza kunisimulia siku mume wangu, akiwa na miaka sita, alipovaa sufuria kichwani ili awe askari, ikakataa kutoka. Wakapaka mafuta. Wakapaka sabuni. Jirani akashauri wamning'inize miguu juu, labda itaanguka yenyewe. Nimecheka mpaka nimejishika mbavu. Mume wangu kaja mbio mlangoni: "Mnalia?"

Fundi amefika sasa hivi. Namsikia akigonga mlango kwa kidole, kama daktari anayepima kifua. Anasema akivunja, tunatoka mara moja. Akifungua polepole, mlango utapona, ila tuwe na subira. Anauliza humo ndani kuna mwenye haraka?

Shangazi kakatiza hadithi. Ananitazama. Ufunguo uko palepale.

Fundi kauliza tena. Nimemwambia asivunje, aende polepole. Huku kwetu ndiyo kwanza mtoto kapakiwa kwenye gari la mboga kupelekwa hospitali, na sufuria bado iko kichwani.