Wanafunzi Bado Wanabisha Hodi

Mwaka umetimia, mama watoto, tangu tulipokusindikiza mara ya mwisho, na hodi mlangoni kwetu haijakoma.

Wanachuo walikuita Mama Pumua, maana kila aliyeingia ofisini kwako akilia ulimwambia, "Kwanza pumua, mwanangu. Mengine yapo tu, hayakimbii." Ofisi yako ya ushauri ilikuwa chumba kidogo nyuma ya maktaba, chenye feni ya kelele ambayo mimi mumeo, fundi mzima, niliitengeneza mpaka nikakubali kwamba haisikii dawa. Walikuja wa mwaka wa kwanza waliofeli jaribio moja wakaona dunia imekwisha. Walikuja waliowaambia wazazi kwenye simu kuwa mambo ni mazuri, kumbe wiki nzima hawajazungumza na mtu. Chai yako ilipoa kila siku kwa sababu kulikuwa na mtu anaongea.

Hukuwa na maneno mengi. Ulichukua wawili wasiojuana, ukawatuma dukani pamoja wakanunue vibanio vya nguo usivyovihitaji. Walikwenda wamenuna, wakarudi wanacheka. Ndiyo maana nyumba hii ina vibanio vya kutosha kuanika nguo za bweni zima. Nilipokuuliza ulinijibu, "Wewe tengeneza mafriji yako, watu niachie mimi."

Sasa kuna binti yetu, kitinda mimba. Aliingia chuo kilekile muda mfupi baada ya msiba. Ofisi yako ilikuwa imefungwa, na mpaka leo hajaletwa mtu mwingine. Basi waliokupenda wakamgeukia yeye. Si mtoto wa Mama Pumua? Wakajaa chumbani kwake, wakilia juu ya kitanda chake, naye akawasikiliza kwa kuwa amekulia ndani ya kazi hiyo. Hakuna aliyemuuliza yeye ameamkaje. Mtoto wa mshauri ataumwa nini?

Likizo hii amerudi amekonda. Anajifungia bafuni, maana ndicho chumba pekee chenye komeo. Tukasimama nje tukimbembeleza, akasema kutoka ndani, "Baba, kurudi siwezi. Kuacha nako siwezi. Nikiacha watasema hata mama alikuwa anawadanganya."

Nikajaribu ujanja wako. Nikamtuma sabuni yeye na binti wa jirani. Akanitazama kwa huruma. "Baba, hiyo ni ya mama. Naijua mwanzo mpaka mwisho." Nikamwambia apumue, akainuka akaniacha na maneno yangu. Mganga hajigangi, mke wangu, na huyu mtoto umemrithisha uganga wote. Kuna siku tumekukasirikia, tusifichane.

Siku moja alibisha msichana. "Shikamoo baba. Nimeambiwa Mama Pumua anakaa hapa." Wa mwaka wa kwanza, hakuna aliyemwambia kwamba umeshatutoka. Kabla sijafungua kinywa, mwanao ameshatoka bafuni, amenawa uso, anamvutia mgeni kiti. Nikamshika mkono. "Leo pumzika, mama."

"Na yeye aende wapi, baba?"

Nikamwachia mkono.

Dada yako ndiye aliyemtafutia mshauri, mji mwingine kabisa, mtu ambaye hajawahi hata kukusikia. Siku ya kwanza mwanao alirudi amevimba kwa hasira. "Kaniuliza mama yangu alikuwaje. Nikaanza kumweleza kazi ya mama pale chuoni, kanikatiza! Eti kazi yake sijakuuliza." Akatembea sebuleni, akaenda akarudi. Kisha akakaa chini. "Alikuwa ananisuka huku anasinzia," akasema. "Nywele zinaenda upande, na mimi sisemi, nisije nikamwamsha." Akalia, kwa mara ya kwanza tangu tukuzike. Mama yake mkubwa na mimi tukakaa naye sakafuni.

Chuo kinafunguliwa wiki ijayo. Hajasema kama anarudi, na sisi hatumuulizi. Mabegi yake yapo pale pale alipoyaweka siku aliyofika.

Nanyi mliopita ofisini kwake mkatumwa vibanio, tunajua mnasoma tangazo hili. Tafutaneni nyinyi kwa nyinyi, na huyo msichana mchukueni. Mkikutana na binti yetu, muulizeni kama amekula, mngoje ajibu. Mizigo yenu msimtwike tena, tunawaomba.

Hutatoka mioyoni mwetu, mama watoto. Tunaokukumbuka ni mimi mumeo, fundi wa mafriji, mwanao wa kwanza na mkewe, dada yako, mama mkwe wako, anayekusifu kwa majirani utadhani alikuzaa yeye, na kitinda mimba wako, ambaye ameomba hapa aandikwe kuwa ni mtoto wako, basi, asiongezewe neno.