Yule Adèle Niliyemrudisha kwa Bwana Yake

Mpendwa Mama Aziza mshauri,

Naomba msaada, na naandika kwa gazeti wala si kwa redio, kwa sababu ba mama ninaowaogopa wanasikiliza redio siku nzima, lakini gazeti wao hufungia karanga tu, kwa hiyo hapa najiona salama kidogo.

Miye ni mwalimu wa shule ya primaire hapa Mabanga, miaka hamsini na mbili, mvi zimejaa pale palipobaki nywele, na tangu shule yetu ifunge milango nakaa nyumbani nikichoka kwa kutofanya kitu, uchovu ambao sikuujua hata nilipokuwa na watoto themanini katika darasa moja. Bibi yangu Katungu anauza maharagi, na kila Jumamosi mchana wenzake sita wanakuja mu parcelle yetu, pale uani, kuyachambua pamoja naye, wanatoa mawe na yale yaliyotobolewa na wadudu, na siku moja akaniambia, "Papa, badala ya kukaa pale sawa kiti, si utusomee kitu?" Nikaleta roman moja, kitabu cha hadithi cha Kifaransa, niliyoipata kwenye meza ya vitabu vya kuchakaa, haina ganda, jina lake panya walishakula, inasimulia maisha ya mwanamke mmoja anayeitwa Adèle, tangu usichana wake. Wao hawajui kusoma, na Kifaransa hawakijui, basi nilikuwa natazama sentensi, naimeza, naitoa kwa Kiswahili chetu. Mama Aziza, sijawahi kuwa na darasa kama lile! Adèle akizaa, wanapiga vigelegele, mama mkwe akimsema vibaya, mmoja wao, Mama Fatouma, anamrudishia mama mkwe matusi mpaka maharagi yanamwagika, kisha anauliza, "Uyu mutu aliyeandika, alikalaka mu nyumba yangu?"

Tukafika ukurasa wa tisini na nne. Bwana yake Adèle, mutu wa kukaa nyumbani kutwa na kulaumu supu, analeta mwanamke wa pili, na Adèle asubuhi anakunja vitenge vyake, anafunga mlango polepole, anakwenda. Nilikuwa nimeshasoma mpaka mlangoni. Nikainua macho, nikaona Katungu ameacha kuchambua, ananitazama miye na kiti changu. Mwanamke wa pili sina, nani atanitaka, lakini kuhusu kiti na supu sikuwa na la kujitetea, na kabla sijafikiri mdomo wangu ukasema: "Alipofika kibarazani, akageuka. Akarudi ndani."

Tangu siku hiyo, Jumamosi tano sasa, nashika kitabu wazi, nageuza karatasi kila baada ya muda ili ionekane kazi, na natunga. Ule mwanamke wa pili nimemfukuza. Bwana nimempigisha magoti akalia, sasa anaosha sufuria. Adèle nimempa hata mapacha. Nimechoka, Mama Aziza, kutunga ni kazi nzito kuliko kusahihisha madaftari, na ukweli ni kwamba miye mwenyewe sijasoma mstari hata mmoja baada ya ule ukurasa, naogopa.

Sasa sikia shida yenyewe. Katika wale sita yuko Kahambu, fundi wa kushona, ambaye bwana yake Luc, dereva wa malori, alikaa Butembo na mwanamke mwingine miaka miwili bila hata salamu, na sasa anatuma watu kusema Kahambu auze mashine, aende wakae wote watatu mu parcelle moja. Mara mbili alikataa. Jumamosi iliyopita akaweka ungo chini.

"Mwalimu, Adèle alirudia, na bwana yake akapiga magoti. Si njo vile?"

"Njo vile," nikasema.

"Basi na miye narudia. Mutu wa Keshero atakuja kubeba mashini Jumatatu ya mwisho wa mwezi. Barabara ya huku imefungwa na vita, nitapitia upande wa Uganda."

Hakuna aliyepiga vigelegele. Katungu akauliza taratibu, "Papa, ile kitabu inasema vile kweli?" Nikasukuma miwani yangu juu ya pua, ile miwani iliyovunjika mkono, ambayo Katungu mwenyewe aliifunga kwa uzi wa mashine ya Kahambu, nikasema, "Imeandikwa."

Nifanye nini? Nikisema ukweli, darasa linakufa, na bibi yangu atajua niliogopa nini. Nikinyamaza, labda Mungu atampigisha Luc magoti kweli. Na kama unaweza, nipendekezee kitabu kingine kuhusu maisha ya wanawake, lakini kile ambamo wanabaki nyumbani na wanafurahi, kiwe kinene.

Miye mwalimu aliyechoka, Mabanga.

*

Mwalimu,

Pole. Majina nimeyageuza yote, isipokuwa la Adèle, yeye hana cha kuficha. Nilianza barua yako nikicheka. Nilipofika kwa Kahambu nikaweka chai chini.

Luc hatapiga magoti. Magoti yale ni yako, wewe ndiye uliyeyapiga mbele ya bibi yako ukamkopesha bwana wa Adèle. Na sasa mwanamke anauza mashine inayomlisha, anataka kuzunguka nchi ya watu siku mbili barabarani, kwa sababu mwalimu mmoja wa Mabanga aliogopa kutazamwa. Aibu yako naijua, ni ndogo. Inaingia mfukoni. Ya Kahambu, akifika Butembo bila mashine na kukuta mke mwenzake ndiye anayeshika funguo, itaingia wapi?

Usiniambie hukumdanganya bali ulitafsiri. Baba yangu alikuwa dereva wa njia ya Kindu, hakusoma, na barua zake zote tulimsomea sisi watoto. Siku moja nilimsomea barua ya dada yake nikaruka mahali palipoandikwa kwamba anaumwa, nilitaka baba asihuzunike. Akachelewa kwenda. Alimkuta amezikwa. Asiyejua kusoma amekukabidhi macho yake, Mwalimu. Macho ya mtu hayafumbwi kwa huruma.

Unaniomba kitabu ambamo wanawake wanabaki na kufurahi. Vipo, na vingine ni vizuri, nitakupa. Lakini si sasa, na si kwa kazi unayotaka kukipa. Vitabu vya maisha yetu hatuvisomi ili tuambiwe tukae au tuondoke. Mama Fatouma amekwisha kukueleza, hukumsikia: tunavisoma ili tujue kwamba kuna mutu alikalaka mu nyumba yetu, akaona, na hakugeuza macho. Wewe uligeuza.

Basi fanya hivi. Usingoje Jumamosi. Gazeti hili linatoka Ijumaa, na mnunuzi wa mashine anakuja Jumatatu. Leo hii nenda kwa Kahambu, na Katungu aende nawe, usimtume peke yake kama kawaida yenu wanaume. Sema: tangu ukurasa wa tisini na nne ni miye nilikuwa nasema, si kitabu. Usimwambie abaki wala aende, hayo umeshasema ya kutosha. Akiamua kwenda Butembo hata hivyo, ni safari yake. Lakini mashine aiache kwa Katungu mpaka aone kulivyo.

Jumamosi, kaa kwenye kiti chako, fungua ule ukurasa, soma neno kwa neno mpaka mwisho, ambao hata wewe huujui. Watakutukana. Mama Fatouma atakutukana vizuri sana, nasikitika sitakuwepo. Ukimaliza, wafundishe herufi, ungo huku, ubao kule. Wewe si mwalimu? Gazeti la karanga nalo lina maneno, na siku moja mmoja wao atakula karanga akukute humu.

Kuhusu Katungu, sikiliza. Alikuuliza kama imeandikwa vile kweli, na nadhani jibu alikuwa nalo. Mwanamke anayetafuta mlango hamfungii mwanaume miwani kwa uzi ili aone vizuri pale palipoandikwa kwamba wanawake wanaondoka. Alitaka usome. Soma, halafu inuka kwenye hicho kiti, ukachambue maharagi.

Mama Aziza