Uchungu wa Chuma

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu kwanza, mengine yatafuata. Mgongo wako vipi, bado unakukata ukiinama? Na shemeji ameshakubali kuvaa miwani, au bado anasoma gazeti kwa kulisogeza mbali kama mtoto mchanga aliyejikojolea? Wanangu wote nawasalimu, hata yule asiyependa kusalimiwa. Huku sisi wazima. Mume wangu hajambo, ila nimemchosha, maana siku hizi situlii. Nakaa, nasimama, nafungua dirisha, nalifunga. Hata barua hii nimeianzia jikoni, nikahamia sebuleni, na sasa nimerudi jikoni.

Kuna jambo limenipata kazini, na kuna jingine nitakueleza mbele kidogo, kwa sababu nikilitanguliza hutasoma haya mengine.

Kazi yangu unaijua, ingawa mama mpaka leo huwaambia watu kwamba mimi ni karani. Naonja sigara, zile nene zinazoviringishwa kwa majani matupu bila karatasi, na neno langu ndilo Tajiri wetu analolisubiri kabla ya kuagiza mzigo. Yeye mwenyewe hajui sigara, anajua bei tu.

Sasa hapa mjini palikuwa na sigara mpya. Kwa jinsi ilivyotangazwa ungedhani ni bwana harusi. Kila ukuta una picha yake. Redioni, mtu mwenye sauti nzito alikuwa akisema kwamba waliovuta nyingine zote walikuwa wanajaribu tu. Kinyozi wa mume wangu, ambaye hajawahi kuvuta chochote, alikuwa akiwaapia wateja kwamba haijapata kutokea. Aliyeitengeneza ni mtu tunayemwita Fundi, mwembamba, mpole, ana karakana nyuma ya ghala la mbao. Kelele zile hazikuwa zake. Mshirika wake, mtu wa matangazo, ndiye aliyezipiga, na Fundi akawa anapita mitaani kichwa chini, kama mtu anayesifiwa kwa nguo aliyoazima.

Tajiri akaniita niivute mbele ya watu. Aliwaalika wenye maduka wenzake asubuhi, katika chumba cha juu, na Fundi akaja na masanduku yake. Nikaichukua moja. Dada, kwa macho ilikuwa nzuri. Jani la nje laini, rangi ya kahawa iliyokolea, halina mshipa uliotokeza. Nikaibonyeza toka mwanzo hadi mwisho, hapakuwa na shimo wala kifundo. Nikaiwasha taratibu, na moto ukashika sawasawa pande zote. Moshi ukaja mzito na mweupe, na majivu yakasimama imara bila kudondoka. Mikono yangu ilikuwa imeshakubali. Mdomo ndio ulikataa. Nilipata ladha ya chuma, kama mtu aliyelamba ufunguo. Nikasubiri, maana sigara nyingine huanza vibaya halafu zikatengemaa. Nikafika nusu, chuma kiko palepale.

Fundi hakuwa akitazama sigara, alikuwa akinitazama usoni. Aliniomba kwa upole nijaribu nyingine kutoka sanduku tofauti. Nikajaribu. Hali ni ileile. Nikasema nilichokiona mimi kuwa ni haki: imeviringishwa vizuri sana, lakini tumbaku imetolewa ilikovundikwa kabla haijaiva, na imebaki na uchungu wa chuma. Hapo ungewaona wale wenye maduka. Muda wote walikuwa wakivuta na kutikisa vichwa kwa raha, lakini nilipotamka vile, kila mmoja akasema na yeye alikisikia hicho chuma tangu mwanzo. Fundi akafunga masanduku yake, akanipa mkono, akashukuru. Tajiri akaifuta oda, wenzake wakamfuata, na baada ya siku chache nikasikia karakana imewaambia wafanyakazi wakae nyumbani kwanza.

Nilijiambia kwamba nimefanya kazi yangu. Lakini kitu kikaanza kunitekenya rohoni. Chai ya asubuhi ikawa na chuma. Nikamlaumu mume wangu kwamba ameharibu birika, nikanunua jipya, na chai ikawa ileile. Yeye akainywa na kusema ni chai tu. Mkate ukawa na chuma. Maji pia. Ofisini nikajifungia na sigara ya zamani ninayoijua kama sauti yako, nikaivuta mara moja tu, na chuma hichohicho kikanijia. Niliizima na kukaa nikiitazama. Sikumwambia mtu. Nilikuwa natembea ofisini toka meza hadi mlango, toka mlango hadi meza, mpaka mhasibu akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Nikaenda kwa daktari nikidhani ni jino au ulimi. Akautazama ulimi, akanitazama mimi, kisha akaanza kuniuliza mambo yasiyohusu ulimi hata kidogo.

Dada, nina mimba.

Haya, kaa chini kama ulikuwa umesimama. Wewe ndiye uliyenishika mkono mara zile zote, kwa hiyo sina haja ya kukueleza nilivyolia, wala kwa nini sikujua machozi yapi ni ya furaha. Daktari alisema wanawake wengi mwanzoni hupata ladha hiyo ya chuma mdomoni, na huondoka yenyewe. Nikamwambia kuhusu zile sigara. Hakuniambia kwamba si kitu, wala hakunitisha. Alisema niache leo hii, nisikae hata kwenye moshi, na nirudi anipime. Hilo ndilo linaloniinua kitini kila nikikaa.

Mume wangu alinikumbatia mpaka nikakosa pumzi. Halafu akaona nimevaa viatu vya kutokea. Akanisihi nisubiri mimba ishike kwanza, kwa sababu nikiwaeleza kazini, kazi imekwenda. Alikuwa na haki. Lakini kuna watu wamekaa nyumbani kwa sababu ya mdomo wangu.

Nilimkuta Fundi peke yake, meza tupu, tumbaku imefunikwa magunia. Nikamweleza yote nikiwa mlangoni. Akachukua kisu, akakifuta, ingawa kilikuwa kisafi tayari.

“Kwa hiyo bado hujaionja,” akasema.

Nikamwambia bado.

“Basi sina ugomvi na wewe. Twende ukawaambie waliokusikia.”

Kisha akanisogezea kiti nje, penye upepo, nikae nikimsubiri avae koti.

Tajiri alikasirika. Alisema nimemfanya kichekesho mbele ya wenzake, kisha nikaja kumfanya tena. Hata hivyo akamwita yule mzee aliyenifundisha kazi, ambaye alishastaafu. Mimi nilisubiri uani, mbali na moshi. Mzee aliivuta yote, halafu akatoka kuniambia mwenyewe.

“Ni sigara nzuri,” alisema. “Si ile ya redioni, lakini ni nzuri.”

Tajiri akaagiza mzigo wa wastani, na wale wenye maduka wakakumbuka kwamba kumbe hawakusikia chuma chochote. Fundi amewarudisha watu wake, ila si wote, wengine walishapata vibarua kwingine. Mmoja wao nikikutana naye barabarani hanisalimii, na simlaumu. Mimi nimeambiwa nipumzike nyumbani, na kuhusu kurudi hakuna aliyenipa jibu.

Njoo, dada, hata kama ni kwa muda mfupi. Mume wangu anajitahidi, lakini kila nikishika tumbo anaruka. Mama usimwambie bado. Nataka sana afurahi, ila sijui nitapata wapi maneno nikilazimika kumwambia tena kwamba hakuna kitu.

Wabusu watoto wote kwa niaba yangu, na shemeji mwambie avae miwani.

Ni mimi mdogo wako, kitindamimba wa nyumba yetu.