Babu Hakushuka Manda

Manda, 4 Juni 1911

Kwa babu yake Angetile, Mwaya.

Shikamoo baba. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na kile kikohozi chako cha asubuhi kimepungua. Sisi huku hatujambo. Angetile ameota magego na sasa anauma kila kitu, hata mguu wa kiti.

Baba, usishtuke. Anayeandika si mwanao Lutengano. Ni mimi, mkweo. Najua mkwe hasemi na baba mkwe wala hamtazami. Tangu nilipoolewa sijauona uso wako, wala wewe wangu. Siku zile nikiwa Mwaya, nikisikia unakuja njiani nilijitupa mgombani pamoja na mzigo wangu wa kuni. Jina lako silitamki, ndiyo maana hapo juu nimekuita babu yake Angetile. Lakini nimefikiri sana nikaona karatasi haina macho. Tena hiki Kiswahili kimetoka mbali, hakijui mambo yetu ya nyumbani. Kama nimekosa, nisamehe na uichome.

Wadachi wamemchukua Lutengano kwenda Songea kujenga nyumba za boma, maana maseremala ni wachache. Kabla hajaondoka alisema na Hezroni, rafiki yake anayechochea moto kwenye stima. Hezroni amekubali kukupakia hapo Mwaya uzunguke ziwa mpaka Mbamba Bay na kurudi, bure kabisa. Lutengano anasema tangu mama afariki unashinda barazani peke yako. Anasema Wazungu wakihuzunika hupanda meli wakatembea tu, na huzuni ikaisha.

Stima husimama hapa Manda kupakia kuni. Jirani yangu Veronika atamleta mjukuu wako ufukweni umpakate. Mimi nitajifungia ndani, usiwe na wasiwasi. Njoo, baba. Siku za huku ni ndefu. Watu wanasema Kimanda, nami hucheka wakicheka wao, basi.

Mkweo,
Mama Angetile

---

Mwaya, 25 Juni 1911

Mama Angetile,

Ugonile? Mjukuu hajambo? Mimi sijambo, kikohozi kipo palepale, tumeshazoeana.

Hezroni aliponiambia barua imeandikwa na nani, niliichomeka darini nisiifungue. Nikamwendea mzee Yohana wa kanisani, nikamuuliza kama kusoma ni sawa na kuonana. Akafikiri mpaka ugoro ukamwisha mkononi, akasema hajui. Basi nimeamua mwenyewe kwamba si kuonana. Hata hivyo nimeisoma nikiwa nimegeukia ukuta, na hii pia naiandika nimegeukia ukuta, kwa heshima.

Lakini nyie watoto mna vituko! Kutembea tu? Nimewaambia watu wa hapa nasafiri, wakaniuliza msiba uko wapi. Nikasema hakuna msiba. Basi ni kesi? Hakuna kesi. Unakwenda kuuza mchele? Nikasema natembea tu. Wakatazamana, wakaenda zao, jioni wakarudi na wake zao kuniangalia kama akili imeniruka. Jirani mmoja alinipapasa paji la uso.

Nakuja. Huzuni na iishe au isiishe, mimi nataka kumpakata huyo mtoto. Nyumba hii haina sauti tangu mama yake Lutengano aondoke, na mimi nimechoka kujisemesha. Nimemtafutia mjukuu kuku na mkungu wa ndizi tamu. Mwambie Veronika asichelewe.

Baba mkwe wako

---

Mwaya, 2 Agosti 1911

Mama Angetile,

Ugonile? Mtoto hajambo? Nimerudi salama, ila kiuno.

Ngoja nikueleze hii safari ya kutembea, maana hapa Mwaya hakuna anayenisikiliza mpaka mwisho. Nikifika kwenye kutapika huinuka wakaondoka. Kwa hiyo nianzie hapo hapo. Usipande stima ukiwa umeshiba. Nilikula ndizi na maharage yangu, nikala na ya Yohana ya kuniaga, na hatujafika Lumbila vyote nimewaachia samaki. Halafu usikae karibu na bomba la moshi eti pana joto zuri. Nilikaa. Cheche zikaitoboa kanzu yangu nyeupe ya kanisani, ile aliyoishona marehemu kwa mkono wake. Hapo nilisikitika kweli, nikavaa shuka.

Kuku wa mjukuu alitaga kwenye kamba za nanga. Nikafurahi. Mpishi akalichukua yai, akasema kinachotagwa ndani ya stima ni mali ya serikali. Mimi nimewapikia Wadachi pale boma la Tukuyu miaka mingi, sheria hiyo sijaisikia. Kesho yake naye kuku simwoni, na supu inanukia.

Kulikuwa na mama mmoja wa Kizungu amejilaza kwenye kiti cha turubai, anaitazama milima ya Ukinga, hafanyi chochote. Nikasema alaa, huyu ndiye mwenzangu, kazi yetu moja. Nikatandika mkeka karibu naye, nami nikaitazama milima. Mara msimamizi wa makuli huyo, kanishika mkono. "Mzee, kazi yako nini humu?" Nikamwambia natembea. Akacheka mpaka akashika tumbo. Tangu hapo kila tuliposimama nilibebeshwa kuni pamoja na makuli. Hezroni alipojaribu kunitetea akaambiwa arudi kwenye moto wake. Na huzuni haikuisha, mwambie Lutengano. Nyumbani angalau naizungusha mgombani, kwenye stima hakuna pa kwenda nayo.

Sasa Manda. Nilikuwa wa kwanza kusimama, nimenawa uso, mkungu begani. Namtafuta mwanamke mnene, maana Hezroni aliniambia Veronika ni mnene. Ninaona mwanamke mwembamba amejifunika kaniki kichwa kizima, amemshika mtoto mkono. Nikamuuliza Hezroni, "Veronika amekonda?" Akasema, "Mzee, yule ni mkweo mwenyewe."

Mama yangu! Mtu mzima na mvi zangu, nilijitupa katikati ya malundo ya kuni, mkungu na mimi. Msimamizi alinitafuta nibebe kuni hakuniona, kwa kuwa nilikuwa ndani yake. Nikangoja uondoke. Nawe, Hezroni ananiambia, ulingoja nishuke. Ufukwe ule hauna kichaka wala mgomba. Ningeshuka ningekulazimisha uingie majini. Tukangojana hivyo mpaka stima ikapiga honi. Ikabidi Hezroni achukue mkungu, akimbie nao mpaka kwa mtoto.

Nilimwona miguu kwa upenyo wa kuni. Miguu mizuri. Tuliporudi kutoka Mbamba Bay upepo wa kusini ulikuwa mkali, nahodha akapita Manda bila kusimama. Ziwa lote nimelizunguka, mama, na mahali pamoja tu nilipopataka sikupakanyaga.

Baba mkwe wako

---

Manda, 19 Septemba 1911

Kwa babu yake Angetile,

Shikamoo baba. Kiuno kinaendeleaje? Sisi tuko wazima.

Barua yako nimecheka, nikalia, nikacheka tena. Naomba radhi. Veronika alishikwa na uchungu wa kuzaa asubuhi ileile ya stima, akajifungua mtoto wa kiume, na wanawake wote wakawa kwake. Nikaona ukifika usikute mtu itakuwa aibu kubwa zaidi. Nikajifunika, nikamwambia Angetile: atakayeshuka na mkungu ndiye babu. Alingoja ametulia, na si kawaida yake. Alichokiona ni mkungu peke yake. Tangu siku hiyo ndizi anaziita babu. "Mama, nipe babu."

Nilikasirika sana, baba. Si kwako. Niliukasirikia ule ufukwe usio na hata kijiti.

Lutengano hajaleta neno tangu aondoke. Wanaotoka Songea nawauliza, wanasema yu mzima, kisha wanabadilisha mazungumzo. Jioni nikishapika najikuta nasikiliza kama kuna mtu anakohoa upande wa pili wa ua. Hakuna. Kukukimbia kule Mwaya kulikuwa kazi, lakini nilikuwa na wa kumkimbia. Tafadhali usiache kuandika.

Mkweo,
Mama Angetile

---

Mwaya, 12 Novemba 1911

Mama Angetile,

Ugonile? Nampelekea mjukuu babu wengine, mkungu mzima, kwa mkono wa Hezroni.

Nimemwandikia Lutengano mara mbili. Hajibu. Labda kazi ni nyingi. Najiambia hivyo.

Mvua zimeanza, mpunga tumeshapanda. Nami nimeanza kukata miti ya kujengea, watu wananiuliza ya nini, nawaambia natembea tu. Wameacha kuniuliza.

Baba mkwe wako

---

Manda, 20 Februari 1912

Kwa babu yake Angetile,

Shikamoo baba. Natumaini hujambo. Mtoto ni mzima.

Jana alikuja Eliya, mpagazi, na neno la Lutengano. Ameoa Songea. Nyumba anayo huko na harudi Manda. Anasema mimi nirudi kwa mama yangu Ikombe, na Angetile ni wenu, akae kwako. Eliya alilisema lote akitazama chini, kisha akaomba maji ya kunywa, nikampa.

Sitabishana. Mtoto ni wa kwa baba yake, ndivyo ilivyo. Nitapanda stima ya mwezi wa nne. Ikombe haisimami, kwa hiyo nitashukia Mwaya, nikukabidhi Angetile, kisha nichukue mtumbwi mpaka kwetu. Mama ataniweka kwenye udongo, nifinyange vyungu kama zamani. Mtoto akilia wiki za kwanza, mpe kitu cha kuuma, atanyamaza.

Jambo moja tu nakuomba. Mimi si mkweo tena, kwa hiyo mila haitudai kitu. Nikishuka tunaweza kutazamana kama watu wowote. Mtoto utamchukua mkononi mwangu mwenyewe, nami niuone uso wako mara moja, nikushukuru kwa mdomo. Halafu nitakwenda.

Neli

---

Mwaya, 15 Machi 1912

Mama Angetile,

Ugonile? Mimi si mzima sana, nimekasirika, na hasira kwa umri wangu ni ugonjwa.

Lutengano ni mwanangu, simkani. Lakini kwenu Ikombe niliyekwenda kuposa ni mimi na marehemu mama yake, si yeye. Neno la kukurudisha lingetoka kwangu, na sijalitoa. Hawezi mtu kukaa Songea akanifukuzia mkwe wangu kwa mdomo wa mpagazi. Nimemwandikia hivyo, kwa maneno makali kuliko haya.

Unasema sasa tunaweza kutazamana. Nakiri nilitamani. Namjua mkwe wangu kwa mwandiko na kwa kishindo cha kuni zikianguka mgombani. Ningependa kujua mjukuu amefanana na nani. Lakini kama nitauona uso wako kwa sababu umekuwa mtu baki, basi nisiuone mpaka nife.

Sikiliza. Stima ikifika nitakuwa ufukweni, mbele ya watu wote wa Mwaya. Nitakupa mgongo na nitajifunika shuka kichwani. Usiniamkie. Wakiniona hivyo watajua aliyeshuka ni nani wangu, na hakuna atakayekuuliza swali. Mtumbwi wa Ikombe uache uende zake.

Nyumba yako ya ile miti imekwisha, imebaki kuezeka tu. Imegusana mgongo na yangu. Mlango wako unatazama ziwani, wangu unatazama milimani. Njia yako ya maji nimeikata mgombani, mimi sitaipita. Udongo wa vyungu nitaagiza kwenu Ikombe uje kwa mtumbwi.

Na kama hutaki kukaa na mzee usiyeweza kumsemesha, nitaelewa. Nitaumia, lakini nitaelewa. Panda mtumbwi, na mtoto mchukue. Sitamtoa kwa mama yake ili nipate wa kunichekesha. Neno la nani ni wa nani hapa nalisema mimi.

Baba mkwe wako

---

Mwaya, 9 Mei 1912

Kwa babu yake Angetile, upande wa pili wa ukuta.

Shikamoo baba. Najua hujambo, nimekusikia ukikohoa na kumkemea jogoo. Barua hii anakuletea Angetile. Ukiikuta imetafunwa pembeni, samahani.

Siku ile sikuweza kusema kitu, na sikutakiwa kusema. Lakini nataka ujue nilivyofika. Njia nzima kutoka Manda nilikaa kichwa wazi. Nilisema mimi si mke wa mtu, nijifunike kwa ajili ya nani? Tulipokaribia Mwaya, mwanamke mmoja nisiyemjua akatazama ufukweni, akamwona mzee amesimama katikati ya watu, ametupa mgongo, shuka kichwani, jua lote lile. Akanigeukia haraka, akanivutia kaniki usoni. "Jifunike, binti, baba mkwe wako yule pale!" Alinigombeza hasa. Tangu Eliya alete lile neno hakuna aliyeniambia kitu kizuri namna hiyo.

Nilipita nyuma yako karibu sana, nikaona shuka lako limechanika begani. Angetile peke yake ndiye aliyekuzunguka akakutazama usoni, na alipokuita "ndizi" nikasikia unacheka. Ndaga, baba. Ndaga fijo, asante sana.

Sasa mambo ya nyumbani. Chakula nitakuwa naweka kwenye kizingiti chako na kugonga chungu. Usitoke mpaka usikie nimefunga mlango wangu. Jana ulitoka mapema, nikalazimika kuruka kwenye matope na sufuria ya maharage. Shuka lako lililochanika mpe mtoto alilete nilishone. Na chumvi imekwisha.

Mkweo,
Mama Angetile