Mtalii wa Ilkiding'a

Lemara,
Arusha.
26 Mei, 2025.

Mpendwa shemeji Lesian,

Pokea salamu kutoka huku kwenye baridi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, mama watoto na watoto wote. Je, Newala mmezoea? Bado wanakuuliza kabila lako kila ukienda dukani?

Sisi hatujambo. Dada yako Nalepo yupo na anafoka kama kawaida, kwa hiyo ujue ni mzima. Watoto wanakohoa kidogo kwa sababu ya mvua. Ng'ombe uliyeniachia amezaa dume, na habari za maziwa naomba usiniulize.

Najua unashangaa kupata karatasi wakati simu ninayo na vocha ninayo. Siku hizi nyumbani kwangu neno likisemwa kwenye simu linasikika hadi chumba cha mwisho. Hivyo naandikia stoo, nimekalia furushi la mahema. Sababu utaiona mbele.

Habari kubwa ni kwamba nusura ninyang'anywe mlima. Bosi wetu alitutangazia kwamba mvua zikiisha hakuna atakayepandisha wageni Meru bila cheti cha huduma ya kwanza. Asiyekipata atabaki stoo ya kampuni kufua mahema. Mimi, shemeji! Miaka kumi na minane napanda, nimeshusha wageni waliotapika, waliolia, na mmoja aliyetaka kurudi kwa helikopta kwa sababu ya lengelenge. Leo nikafundishwe kufunga bendeji?

Lakini nilienda. Mafunzo yalifanyika kule kwenu Ilkiding'a, pembeni mwa msitu, siku tano. Mwalimu alikuwa Skolastika, nesi wa zamani kutoka Rombo, mfupi, na ukikosea hakugombezi, anaandika tu. Hiyo kalamu yake ilitutesa kuliko fimbo.

Siku ya nne ikawa mtihani. Skolastika alikuwa ameomba wanakijiji waje kuigiza majeruhi. Kila mmoja alipewa kadi inayosema ameumia wapi, akapakwa damu ya juisi ya rosela. Mimi hizo habari za wanakijiji sikuzifuatilia. Laiti ningezifuatilia.

Nikaitwa. Nikakunja kona kwa mwendo wa kitaalamu, glavu mkononi, na nani amelala chini ya mti, kitenge kizuri, damu usoni, ulimi nje? Mama yako.

Unamjua mama kwa maigizo. Ndiye aliyekuwa mke wa Lutu pale usharikani, akasimama nguzo ya chumvi hadi mvua ikamnyeshea, na mchungaji akamaliza mahubiri bila yeye kupepesa jicho. Sasa kadi yake ilisema amezimia, na alizimia kwelikweli.

Unayajua pia mambo yetu. Mama mkwe humgusi, huli mbele yake, na njiani unampisha. Nikageuka nikatazama mlima. Nikaona nianze na adabu, nikamwamkia mama kwa lugha yetu, "Takwenya, Yeyo."

Akafumbua jicho moja, akaitikia salamu, "Iko," kisha akazimia tena.

Skolastika akaandika.

Nikasimama hatua tatu, mgongo kwake, nikamwomba kwa heshima kwamba kama ataweza, ajibane mwenyewe pale panapotoka damu. Skolastika akaniuliza mtu aliyezimia anajibanaje. Nikaendelea kutazama mlima. Baada ya dakika kumi nikasikia mkoromo mrefu wa kutisha nyuma yangu, na mwalimu akatangaza, "Mgonjwa wako amekufa, Lemayian."

Nilimweleza huyu ni nani kwangu. Vijana wa Kiarusha wote wakatikisa vichwa kukubali. Skolastika akatusikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja tu: "Na ukimkuta kule juu amevunjika mguu, utamtumia ujumbe?" Nikaambiwa nitarudia Jumamosi. Nikishindwa tena, ni mahema.

Kumbe mimi na heshima zangu nilikuwa nimemuudhi mama vibaya sana. Kugusa wala hakukuwaza. Kilichomkera ni kufa. Alipita kwa wanakwaya wote akilalamika kwamba amekata roho vizuri vile na mkwe wake amempa mgongo. Habari ikamfikia Nalepo kabla sijafika nyumbani, na kwa siku mbili nilikunywa chai ya baridi bila kuuliza. Nikaenda kwa mzee Loishiye, baba yangu mdogo, kuomba ushauri. Akasema nikimgusa natoa kondoo, na kwa kuwa nimeshamwacha afe, natoa kondoo mwingine. Nikamshukuru nikaondoka.

Jumamosi niliomba Mungu nipewe mgonjwa mwingine. Skolastika hakubadilisha. Nikakunja ile kona, nikakuta mtu amelala na kofia pana ya jua, miwani myeusi, koti la mvua la mwalimu mwenyewe na raba za mpira.

"Takwenya, Yeyo," nikasema.

Nikarudia. Ndipo akasema, "Mimi si yeyo wa mtu. Mimi ni Madamu Roza, mtalii, natoka Ulaya, upande wa juu. Nimeanguka. Unanishika au niite mwingine?"

Shemeji, nilicheka hadi nikapiga magoti, na nilipokuwa nimeshapiga magoti nikaona basi, nianze kazi. Nikavaa glavu. Nikaomba ruhusa, Madamu Roza akajibu, "Yesi." Nikakagua kichwa, shingo, mbavu. Kadi ilisema mkono wa kushoto umevunjika, nikaufunga kwa fimbo na khanga, safi kabisa. Skolastika akaandika, safari hii kwa upole.

Inabidi kufika hadi vidole vya miguu. Nilipogusa raba, Madamu akavuta mguu. "Huko hapana. Kadi imesema mkono."

Nikauacha kwanza, nikaingia kwenye maswali. Mara ya mwisho ulikula nini? Keki. Unatumia dawa yoyote? Hapana. Una ugonjwa wowote? Hapo Madamu akavuta kofia usoni. Nilidhani amesahau maneno. Kisha akasema kwa sauti ndogo, ile ya mama, "Kule kwetu Ulaya nina kidonda mguuni tangu Pasaka. Sijamwambia mtu. Watoto wana kazi zao."

Nilimvua raba na soksi. Kidonda kilikuwa chini ya kisigino, upana wa kizibo cha soda, kimeingia ndani. Skolastika akasema jeraha limechorwa vizuri sana, nani kalichora? Nikamwambia, "Mwalimu, rosela hainuki." Akaweka kalamu chini. Ndiyo mara pekee nilimwona anaiweka.

Tulimbeba kwa machela ya makoti na fimbo hadi barabarani, na hospitali wakakuta sukari imepanda sana. Daktari alisema tungechelewa mwezi mmoja tungekuwa tunaongea kuhusu kukata mguu. Niliogopa, shemeji, sikufichi. Nilifikiria ile siku ya kwanza, nilivyosimama nikitazama mlima.

Sasa yuko hapa kwangu, na ndiyo sababu ya barua. Nalepo akiona kidonda anaanguka, kwa hiyo anayekisafisha ni mimi. Kila asubuhi mama anavaa kofia na miwani, ananiita kwa Kiingereza chake cha kitalii, "Gaidi wangu!" nami naingia na bakuli la maji ya chumvi. Nikimaliza anavua miwani, nami narudi stoo kunywa chai yangu, kwa kuwa mezani kuna mama mkwe. Kidonda kinafunga. Cheti nilipata, na nimekitundika sebuleni, ingawa sebuleni siku hizi sikai.

Jambo la mwisho. Mama amenikataza kabisa kukueleza haya. Amesema Lesian ana kazi, asisumbuliwe, na mimi kama mkwe nimeitikia. Lakini jana, nikiwa nafunga bendeji, Madamu Roza aliniuliza kama hapa nchini kuna kijana anaitwa Lesian, na kama bado anaijua njia ya nyumbani. Nikamjibu nitaulizia.

Nalepo na watoto wanakusalimu, mzee Loishiye anakusalimu na anakumbusha habari ya kondoo. Msalimie mama watoto, uwabusu watoto. Mungu awalinde huko na awafungulie safari.

Ni mimi shemeji yako, nikupendaye sana,
Lemayian.

N.B. Ukija, lete korosho, peremende acha. Na usimwambie mama kwamba nimekuandikia. Mwambie umekuja kumwona mtalii.